Mlio Mmoja Saa Saba Mchana

Uvimbe niliugundua mwenyewe, nikimwogesha. Binti yangu alikuwa na miaka minne, na mimi nilikuwa na mimba ya miezi minane, nimeinama kwa shida juu ya beseni uani. Mkono wangu ulipopita chini ya mbavu zake, upande wa kushoto, uligusa kitu kigumu, ukubwa wa kiazi. Nikarudisha mkono. Kilikuwa pale pale. Nikamlaza kwenye mkeka nikabonyeza taratibu, naye akacheka akisema namtekenya. Nilimvalisha gauni lake, nikaenda kumtafuta baba yake shambani, na njia nzima nilikuwa najiambia labda ni minyoo, watoto wengi huku kwetu wana minyoo.

Hospitali ya mjini Singida walimpima wakasema si minyoo. Daktari alisema kuna kitu kimevimba ndani ya tumbo, akatuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa, mbali kupita Dodoma, ambako kuna wapasuaji wa watoto. Alisema tusikawie. Lakini siku tatu baada ya pale nikajifungua kabla ya wakati, mtoto wa kiume, mdogo sana, na mipango yote ikasimama. Kichanga kilipofikisha siku kumi na moja, mume wangu akasema hawezi kusubiri tena. Angeondoka na binti yetu, wawili tu. Mimi ningebaki na kichanga, na mama mkwe, na simu.

Simu yenyewe tulikuwa nayo kwa miezi michache tu. Ilikuwa miaka ile ambapo wanunuzi wa alizeti walikuwa wameanza kuja na malori yao mpaka vijijini, kila mmoja na bei yake, na maduka ya Ilongero, mji wetu mdogo wa soko, yamepakwa rangi za kampuni za simu kuta nzima. Zamani mazao tuliyapeleka kwenye chama cha ushirika, tukasubiri. Sasa mtu aliuza leo na kununua leo. Mume wangu aliuza alizeti ya msimu mmoja akarudi na simu iliyokwisha kutumika, aliyouziwa na dereva wa lori. Kioo chake kilikuwa kidogo, hata kiberiti kingekifunika. Upande wetu wa bonde hakukuwa na mtu mwingine mwenye simu, na umeme hatukuwa nao hata wa kuona kwa mbali.

Shida yake ilikuwa betri. Kuchaji ilibidi uende Ilongero, mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu, kwa fundi redio aliyekuwa na jenereta. Ilirudi na vijiti vinne vimesimama pembeni mwa kioo. Ukiilaza nyumbani usiku mmoja, asubuhi unakuta viwili. Hatujapiga, hatujapigiwa. Keshokutwa yake imezima. Kwa kazi ya kujionyesha kwa majirani hilo halikutusumbua sana. Lakini sasa simu ile ndiyo ingeniambia kama mtoto wangu yu hai.

Siku moja kabla ya safari mume wangu aliipeleka kuchajiwa, akamwuliza fundi. Jioni alirudi, akakaa kwenye kigoda karibu na kitanda changu.

"Fundi anasema simu hailali, hata kama wewe umelala," aliniambia. "Huku bondeni mtandao haushiki, kwa hiyo inautafuta. Inaita, inaita tena, kama ndama aliyepotezana na mama yake. Ikikosa, inaita kwa nguvu zaidi. Ndicho kinachomaliza chaji."

"Sasa tufanyeje?"

"Tusiiwashe hapa nyumbani. Kabisa."

Nyuma ya mashamba yetu kuna mwamba, mmoja kati ya yale mawe makubwa yaliyotapakaa nchi yetu yote. Juu yake mtandao ulikuwa unashika. Fundi alikuwa amesema nipande kwanza, nikae, ndipo niwashe, tena mara moja tu kwa siku, kwa sababu kule kuwaka kwenyewe, na taa zake na muziki wake, kunakula chaji. Mlio wa vitufe nizime, mtetemo nizime, mwanga wa kioo niupunguze mpaka mwisho. Nisipige mimi. Nisitembeetembee nayo. Nikimaliza niizime na kuitoa betri, niifunge kwenye kitambaa, niiweke mahali pa baridi.

"Na wewe utanipataje?" niliuliza.

"Milango ya hospitali haikosi vibanda vya simu. Tukifika, kila siku saa saba mchana nitabipu. Nikibipu mara moja, mtoto ni mzima. Usipokee. Ukipokea tunaimaliza. Nikibipu mara mbili, ya tatu pokea, nina neno."

"Na usipobipu?"

Alikuwa anafunga kamba ya begi. Alifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena.

"Nitabipu," alisema.

Waliondoka alfajiri. Binti yangu alikuwa amekaa mbele kwenye baiskeli ya jirani, amevaa sweta langu lililomfika miguuni. Alinipungia mkono kwa furaha kwa sababu alikuwa hajawahi kupanda basi.

Kwetu mwanamke aliyejifungua hatoki uani mpaka arobaini ipite, na mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kulegeza mambo hayo. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye magoti mabovu, na alipokasirika aliacha Kiswahili akasema Kinyaturu kitupu. Siku mbili baada ya wale kuondoka, siku ya kwanza ya kungoja mlio, aliniambia nikae na mtoto, mwambani atakwenda yeye. Nilimwonyesha kitufe cha kuwasha. Saa tuliijua kwa redio yake, maana simu ile ikitolewa betri ilisahau saa. Redio iliposema kwamba ni saa saba kasoro robo alitoka, na mimi nikabaki mlangoni nikitazama khanga yake ikipanda mwamba polepole.

Alirudi amechoka, simu iko mkono mmoja na mfuniko wake mkono mwingine.

"Imelia," alisema.

"Mara ngapi, mama?"

"Imelia, mwanangu. Nilishtuka, ikanianguka. Sikuhesabu."

Mchana ule na usiku wake nilikaa na swali hilo. Kama ni mara moja, mtoto ni mzima. Kama ni mara mbili, mume wangu alisubiri nipokee, na sikupokea. Nilimnyonyesha kichanga huku nikihesabu, moja, mbili, moja, mbili, mpaka namba zenyewe zikapoteza maana. Maziwa yalipungua. Mama mkwe aliona. Asubuhi nilipomsalimia, "Shikamoo, mama," aliitikia, kisha akasema bila kunitazama, "Leo nenda wewe. Jifunike kichwa. Mtoto abaki na mimi."

Kuanzia siku hiyo maisha yangu yalikuwa ya saa ile moja tu ya mchana. Asubuhi nilifanya kazi ndogondogo huku sikio liko kwenye redio. Ikikaribia saa saba natoa kitambaa nyuma ya mtungi wa maji, naweka betri kwenye simu, napanda. Jiwe lilikuwa la moto, joto likipenya kandambili. Nakaa mahali pale pale, nawasha, na kusubiri vile vijiti vya mtandao vitokee. Kwanza hakuna. Halafu kimoja. Halafu viwili. Naiweka simu juu ya jiwe, sithubutu kuigusa.

Ilipolia mara ya kwanza nilishusha pumzi, lakini pumzi yenyewe haikufika mwisho, kwa sababu papo hapo nilianza kuogopa mlio wa pili. Ule ukimya baada ya mlio mmoja sijui ulikuwa wa dakika ngapi. Nilikuwa nimeambiwa nisikawie, kila dakika inakula chaji, lakini sikuweza kuzima. Nilihesabu mpaka hamsini. Nikihisi nimehesabu haraka, nilirudia. Kisha nazima, nashuka, na nikifika chini naanza upya: saa saba alikuwa mzima, sasa je? Mlio ule uliniambia habari ya dakika moja tu. Saa nyingine zote za siku hazikuwa na mtu wa kunisemea.

Siku tisa zilipita hivyo. Betri ilikuwa bado na vijiti vitatu. Katika hofu ile yote, jambo hilo lilikuwa la pekee lililokuwa mikononi mwangu, na nililishika kama mtu anayeshika ukuta gizani. Nilijua kwamba nikiigeuza simu upande wa mjini mtandao unapanda. Nilijua nikiifunika na kiganja unashuka. Nilikuwa na darasa la saba tu, na hakuna aliyenifundisha zaidi ya maneno ya fundi, lakini nilikuwa nikiichunga ile chaji kama maji ya kiangazi.

Siku ya kumi, Jumatatu, ililia ikakata. Nikaanza kuhesabu. Nilipofika kumi na mbili ikalia tena.

Ya tatu nilipokea. Mkono wangu ulikuwa umelowa jasho, kitufe kiliteleza.

"Jumatano wanampasua," mume wangu alisema. Sauti yake ilitoka mbali, imekauka. "Alhamisi saa saba nitabipu. Jumatano usipande, sitakuwa na la kukuambia."

"Wanapasua nini? Wamesema ni nini?"

"Ni figo. Tutaongea. Betri yako ikoje?"

"Ipo. Nipe nimsikie."

"Amelala."

"Saa saba mchana?"

"Wamempa dawa. Usimalize chaji, mama. Alhamisi."

Akakata. Nilipotazama kioo, vijiti vitatu vilikuwa vimebaki kimoja. Dakika moja ya maneno ilikuwa imekula kuliko siku tisa za kunyamaza. Nilibaki nimekaa pale. Binti yangu hakuwahi kulala mchana tangu aanze kutembea. Ilinijia kwamba mume wangu alikuwa amefurahi kuwa na betri ya kuisingizia, na nikaliogopa wazo hilo nikalikataa.

Jumatano sikupanda. Nilifua nepi za kichanga mpaka vidole vikachubuka. Mama mkwe alikaa kwenye mkeka wake tangu asubuhi, anaswali, anamaliza, anakaa, anaswali tena. Hakuna kati yetu aliyetaja saa.

Alhamisi redio iliposema ni saa saba kasoro robo niliingia ndani, nikapeleka mkono nyuma ya mtungi. Kitambaa kilikuwepo. Betri haikuwemo.

Nilitoka nje. Mama mkwe alikuwa anapepeta uwele.

"Mama, betri ya simu iko wapi?"

Alinyanyua uso. Alinitazama kwa upole, kama mtu aliyefanya jambo jema anayesubiri ligunduliwe. "Niliona imebaki kidogo. Nimeianika na za redio."

Betri za redio zikichoka sisi sote tulizianika juani, na zilipata nguvu za siku mbili tatu. Hilo kila mtu alilijua. Juu ya paa letu la tembe, kwenye ungo, mawe manne ya redio yalikuwa yamepangwa mstari, na pembeni yake betri ya simu, bapa, imetazama jua. Ilikuwa pale tangu saa tatu. Nilipoishika ilinichoma, nikaihamisha mkono hadi mkono.

Nilikimbia kupanda mwamba, mimi niliyejifungua hata mwezi haujatimia. Juu nikaipachika. Mfuniko ulikataa kufunga sawasawa, nikaubana kwa kidole. Nikabonyeza. Kioo kikawaka. Muziki wake ukaanza, ukafika katikati, ukakatika. Nikabonyeza tena, ikawaka kidogo, ikazima. Mara ya tatu haikuwaka kabisa.

Jua lilikuwa kichwani na mbele yangu nchi ilikuwa wazi mpaka mbali sana. Nilijua kwamba wakati huohuo, mahali fulani kupita upeo ule, mume wangu ameshika simu ya kibanda anabonyeza namba yangu. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Iwe alibipu mara moja au mbili, mimi nilikuwa nimekaa na kipande cha plastiki kinachochemka. Niliifunga betri kwenye ncha ya khanga, nikaitia kwapani, nikaitoa, nikaipuliza. Nilifanya mambo ya kijinga ya kila aina. Mwisho nililia, si kwa sauti.

Nilipotelemka mama mkwe alikuwa amesimama pale pale na ungo wake. Uso wangu ulimwambia.

"Nilitaka kukusaidia," alisema.

"Najua, mama."

"Nimeiua?"

Sikujua kama anauliza betri au mtoto. Nadhani na yeye hakujua. Aliketi chini kwenye pumba, magoti yake yakalia, akaanza kusema Kinyaturu kwa sauti ya chini, maneno ya kuomba.

Yeye ndiye aliyekata shauri. Jioni, nilipokuwa nanyonyesha, alisimama mlangoni akasema kesho tunakwenda Ilongero, sote watatu. Nilimkumbusha arobaini. Akasema, "Hiyo itanisamehe mimi. Wewe vaa viatu."

Tulitoka kukiwa na mwanga kidogo tu. Mtoto nilimfunga kifuani, si mgongoni, kwa sababu shingo yake bado haikuwa na nguvu. Mama mkwe alitangulia na fimbo. Tulikwenda taratibu kwa ajili ya magoti yake, na kila hatua niliona tumechelewa. Nilikuwa najua kwamba jambo lolote lililotokea limekwisha kutokea tangu juzi, na haraka yangu haibadilishi kitu. Bado nilitaka kumsukuma yule mama wa watu.

Tulikuwa tumevuka korongo la pili alipotokea mtu kwenye baiskeli akitoka Ilongero. Alikuwa mzee wa kitongoji cha jirani, anatufahamu. Alitupungia kutoka mbali, kisha alipotukaribia akashuka kwenye baiskeli. Kwetu mtu mwenye haraka hashuki. Nilimwona anavua kofia.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba." Alimtazama mama mkwe, akanitazama mimi, akatazama kichanga. "Poleni sana."

Nilishika bega la mama mkwe. Mama mkwe akauliza, sauti yake imekuwa nyembamba, "Pole ya nini? Umesikia nini?"

Mzee akashangaa. "Si mnamuuguza yule mtoto? Nilisikia amepelekwa mbali. Na nyie mnatembea na kichanga asubuhi hii, nikasema niwape pole."

"Hujasikia lingine?"

"Lingine lipi?"

Aliondoka akigeuka nyuma kututazama. Tulikaa chini kando ya njia, mimi na mama mkwe. Mpaka leo mtu akinipa pole kabla hajaniambia sababu, nahisi korongo lile chini ya miguu yangu.

Kwa fundi tulifika saa nne. Alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, duka lake limejaa redio zilizofumuliwa. Alimwamkia mama mkwe, akatupa benchi. Nilifungua ncha ya khanga nikamwekea betri mezani. Aliishika, akaiweka juu ya kioo cha meza, akaizungusha kwa kidole. Ikazunguka kama pia.

"Imevimba," alisema.

Neno lile lile la daktari wa Singida. Nilishika ukingo wa meza.

"Dada, kaa. Kaa kwanza. Mliiweka kwenye moto?"

"Juani," mama mkwe alisema kabla sijajibu. "Ni mimi. Niliianika."

Fundi hakucheka, na nitamshukuru kwa hilo siku zote. Alimweleza kwa heshima kwamba betri za redio ni aina nyingine, hizi za simu joto ni sumu kwazo, na kwamba si yeye wa kwanza, wengi wamefanya hivyo. "Hii hairudi, mama. Lakini ngojeni." Alifungua droo, akatafuta kati ya betri nyingi, akapata moja ya simu kama yetu, akaipachika, kisha akachomeka simu kwenye nyaya zilizotoka kwenye betri ya gari chini ya meza. Kioo kikawaka. Muziki ukaanza, ukafika mwisho.

Pale Ilongero mtandao ulikuwa umejaa. Haikupita hata nusu dakika simu ikatoa mlio mfupi ambao sikuwahi kuusikia. Alama ya bahasha ikatokea.

"Una ujumbe," fundi alisema. "Nikufungulie?"

"Hapana."

Sikutaka mtu mwingine ajue kabla yangu. Nilibonyeza mwenyewe. Maandishi yalikuwa machache, yametumwa jana yake jioni kutoka kwenye simu ya kibanda: *Nabipu hampatikani. Mkipata hii pigeni.*

Nilisoma mara tatu nikitafuta ndani yake neno moja la kunipa nafuu. Halikuwepo. Nikampa fundi ishara, naye akasema pigeni, simu iko kwenye chaji, ongeeni mtakavyo. Nikapiga. Aliyepokea alikuwa mwanamke, mwenye kibanda.

"Mume wako alikuwa hapa asubuhi," alisema nilipojitambulisha. "Jana pia alishinda kwenye benchi langu. Hasemi, dada. Mimi mwenyewe naogopa kumwuliza. Ngoja nimtume mtu wodini. Atakupigia."

Tulisubiri. Kichanga kililia, nikamnyonyesha mbele za watu. Mama mkwe alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili, ananong'ona. Fundi alijifanya anatengeneza redio, lakini bisibisi yake haikusogea.

Ilipolia nilipokea kabla ya mlio kuisha.

"Ameamka," mume wangu alisema. "Asubuhi hii, kabla hujapiga. Ameomba maji."

"Ameamka kutoka wapi?"

Akauliza, "Betri yako ikoje?"

"Nimeichomeka kwa fundi. Haiishi. Sema."

Akasema yote. Kwamba wiki ile ya mlio mmoja mmoja binti yetu alikuwa na homa, anakojoa damu, na siku mbili hakumtambua baba yake. Kwamba yeye aliniahidi mlio mmoja ni mzima, na akawa anajiambia, anapumua, basi ni mzima. Kwamba walimpasua Jumatano, wakatoa figo yenye uvimbe, akatakiwa kuamka jioni, hakuamka. Alhamisi nayo hakuamka. Saa saba ilipofika alikwenda kibandani hajui abipu mara ngapi.

"Wakaniambia hupatikani," alisema. "Unajua nilifanya nini? Nilishukuru. Nilikaa kwenye benchi nikamshukuru Mungu kwamba simu yako imekufa."

Nilimkasirikia, na wakati huohuo nilijua kwamba kama ningekuwa mimi kwenye benchi lile ningefanya vilevile. Nilimpa simu mama mkwe. Aliishika kwa mbali kidogo na sikio, akasikiliza mwanawe anavyolia, akasema neno moja tu la Kinyaturu, lile wanaloambiwa watoto wadogo wanapoanguka.

Hawakurudi upesi. Kulikuwa na dawa za kumchoma kila wiki, na nywele zake zote zilitoka. Fundi alituachia ile betri nyingine, na niliendelea kupanda mwamba kila siku saa saba, lakini tulibadilisha mpango. Nilimwambia mume wangu mlio mmoja siutaki tena. Aandike ujumbe kila siku, maneno matatu au manne ya kweli. Fundi alikuwa ameniambia ujumbe unakula chaji kidogo sana, kidogo kuliko hofu yetu ya kuutuma. Kwa hiyo nilipata siku za *Leo ametapika sana* na siku za *Amekula ndizi moja*. Baadhi zilinitoa machozi. Lakini nilikuwa nashuka mwambani nikijua ninachokiogopa.

Walirudi msimu wa kupanda, kwa lori la mbao lililowashusha njia panda. Mimi na mama mkwe tulikuwa tumesimama pale tangu asubuhi. Mume wangu alitelemka kwanza, mvi zimeota kwenye kidevu. Kisha akampokea mtoto. Alikuwa mwepesi, kichwa kinang'aa, gauni linamning'inia. Nilijua lile kovu liko chini ya gauni, na nilikuwa nimejiapiza nisiliangalie.

Nilipiga magoti nikanyoosha mikono. Hakuja. Alisimama mbele yangu akanitazama kwa makini, kama, nadhani, alivyozoea kuwatazama wauguzi waliompitia kila asubuhi na sindano. Akaunganisha mikono yake mbele, kwa adabu.

"Shikamoo," alisema.

Nikaitikia marahaba. Mama mkwe akaanza kusema kitu, mume wangu akamzuia kwa mkono. Tulitembea kurudi nyumbani, yeye ameshika kidole cha baba yake, na mimi nyuma na kichanga mgongoni, nikijilazimisha nisimsogelee haraka. Jioni, nilipokuwa nakoroga uji, alikuja akasimama karibu na kigoda changu. Baada ya muda akauliza kama mtoto yule ana meno. Nikamwambia bado. Akasema anaweza kumwangalia. Akakaa.